Jeni iliyochachamaa na chupa ya fomalini: barua ya wazi kwa mnaosimamia matibabu ya saratani ya matiti

Kwa waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa bohari za dawa, na kila mwenye kalamu ya kuidhinisha vifaa vya maabara,

Salaam. Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia. Daktari akichukua kinyama kwenye titi la mgonjwa, kinyama hicho huishia mezani kwangu. Nakikata, nakipitisha kwenye dawa zake, nakizamisha kwenye nta, kisha nakichonga vipande vya mikroni nne. Ukivipanga kumi bado havifikii unene wa unywele mmoja. Mgonjwa mwenyewe simwoni. Namjua kwa namba iliyoandikwa kwa penseli kwenye kikasha.

Wiki chache zilizopita nililetewa chupa iliyonikalisha chini kuandika barua hii. Ilikuwa chupa ya plastiki iliyowahi kubeba vidonge, mdomo wake mwembamba. Uvimbe mzima ulikuwa umeshindiliwa humo ukiwa bado laini, nao ukakakamaa ukashika umbo la chupa, ukawa hautoki. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, haikufika hata nusu. Lebo ilikuwa na jina, namba, na tarehe ya siku tatu nyuma, saa haikuandikwa. Tuliikata chupa kwa msumeno. Nilipoupasua uvimbe katikati, ukingo wake ulikuwa wa kijivu na mgumu, kama inavyotakiwa, lakini kiini kilikuwa bado chekundu, kinateleza, na kimeanza kunuka. Fomalini hupenya nyama polepole, kama milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha kasi yake hupungua. Pale iliponyimwa nafasi ya kuuzunguka uvimbe, haikufika ndani.

Najua kwenu hilo linaweza kuonekana jambo la jikoni mwetu, la mafundi kulalamikiana. Niruhusuni nieleze kilichokuwa kinaoza ndani ya ile chupa.

Tumezoea kusema "saratani ya matiti" kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye tabia moja. Anayeitazama kwenye hadubini kila siku anajua kwamba chini ya jina hilo kuna magonjwa kadhaa, na kinachoyatofautisha zaidi ni jeni gani imechachamaa ndani ya seli. Mfano ninaoupenda ni wa jeni iitwayo HER2, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Kila seli ya titi huwa na nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kazi yake ni kuagiza protini inayokaa juu ya utando wa seli, nusu nje nusu ndani, kama sikio. Masikio ya jamii hiyo husikiliza ujumbe wa kukua. Ujumbe ukifika, mawili yanashikana, na kushikana huko ndiko kunakowasha kengele ndani ya seli: gawanyika. Ujumbe ukiisha, yanaachiana, kengele inanyamaza.

Sasa katika baadhi ya uvimbe, sehemu ile ya kromosomu hujirudufu ovyo. Badala ya nakala mbili unakuta kumi, ishirini, hata zaidi. Kila nakala inaendelea kuagiza masikio, wala hakuna wa kuiambia imetosha. Seli ya kawaida huwa na masikio ya HER2 makumi ya maelfu. Seli ya aina hii inaweza kuwa nayo hadi milioni 2. Yamejazana kwenye utando mpaka yanagusana yenyewe kwa yenyewe, na yakigusana yanashikana. Kengele inalia bila ujumbe wowote kuletwa. Seli inatii sauti ambayo hakuna aliyeitoa, usiku na mchana.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Los Angeles walichapisha walichokiona kwenye uvimbe wa wanawake 189: karibu 30 kati ya kila 100 walikuwa na nakala za ziada za jeni hii, na waliokuwa na nakala nyingi ndio ambao ugonjwa ulirudi mapema na kuwaua mapema. Vipimo vya siku hizi huipata kwa wagonjwa kati ya 15 na 20 kwa kila 100. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake milioni 2.3 waliogunduliwa na saratani ya matiti mwaka 2022, na vifo 670,000. Fanyeni hesabu wenyewe mpate idadi ya wenye kengele hii.

HER2 haiko peke yake. Kwenye kundi kubwa zaidi, yapata wagonjwa 70 katika kila 100, kinachoendesha ukuaji ni kipokezi cha estrojeni (homoni ya kike inayotengenezwa hasa na ovari), ambacho seli ya saratani hukitegemea kupita kiasi. Daktari George Beatson wa Glasgow aliripoti mwaka 1896 kwamba alimtoa mwanamke ovari na uvimbe wa titi ukanywea. Neno homoni lenyewe lilikuwa bado halijatungwa. Kuna jeni ya saiklini D1, inayofungua mlango wa seli kuanza kugawanyika. Ikizidi, mlango haufungiki. Kuna MYC, ambayo ikipandishwa sauti hupandisha na sauti za mamia ya jeni nyingine. Kuna PIK3CA, ambayo mara nyingi haiongezeki nakala bali hubadilika herufi moja tu, na herufi hiyo inatosha kuifanya isizimike. Na kuna uvimbe usio na vipokezi vya estrojeni wala vya projesteroni wala HER2 iliyozidi. Huo tunauita hasi tatu, na kwa kawaida huwa mkali.

Hapa nifungue mabano, maana vipeperushi vinavyobandikwa kwenye kuta za kliniki hulichanganya jambo hili. Nakala za HER2 zilizozidi hazirithiwi. Zimezaliwa ndani ya uvimbe wenyewe, kwenye seli moja iliyokosea kunakili, mwanamke akiwa tayari mtu mzima. Mama yake hakumpa, na yeye hatampa binti yake. Zile za kurithi, BRCA1 na BRCA2, ni habari nyingine: ni jeni za kukarabati, na madhara yake huja zikifa, si zikichachamaa. Wanaobeba saratani ya kurithi ni wachache, kama 5 hadi 10 kwa 100. Nimesikia wanawake wakilaumiwa na wakwe kwa "damu mbaya", na wengine wakipelekwa kutafutiwa aliyewaroga. Ukurasa mmoja wa maelezo yaliyo sahihi ungeokoa ndoa kadhaa. Nafunga mabano.

Ukuaji peke yake hauui wengi. Uvimbe uliobaki ndani ya titi hukatwa. Kinachoua ni kusambaa, na huko nako jeni zilizochachamaa ndizo zinazoongoza njia. Seli za titi zimeshikamana kwa gundi ya protini iitwayo E-kadherini. Seli iliyoshikwa na jirani zake haiendi popote. Lakini sote, tulipokuwa tumboni mwa mama, tulikuwa na seli zilizosafiri: zilitoka hapa zikaenda kujenga kule. Zilipewa ruhusa ya kusafiri na jeni kama TWIST na SNAIL, ambazo katika titi la mtu mzima zinatakiwa ziwe zimelala. Saratani inaziamsha. Zikiamka, gundi inapungua, seli inabadilika umbo na kuwa ndefu na telezi, inapenya ukuta wa mfereji wa titi, inaingia kwenye mshipa wa limfu au wa damu. Ni mpango wa kujenga mtoto unaotumika kumuua mama. Nimeufikiria mara nyingi nikiwa peke yangu na mashine ya kuchonga nta, na bado haujaacha kunitisha.

Nyingi ya seli hizo hufia njiani. Chache zinazofika hazishuki popote tu. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti akaona kwamba viungo havishambuliwi kwa usawa. Akasema seli hizi ni mbegu na mwili ni udongo, na mbegu huota penye udongo unaoifaa. Hakuwa na jeni hata moja mkononi, na bado alikuwa sahihi. Saratani inayotegemea estrojeni hupenda mifupa. Huko hutoa protini inayowaamsha walaji wa mfupa, yaani seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kubomoa mfupa wa zamani. Mfupa ukibomolewa, unaachia virutubisho vilivyokuwa vimefungiwa ndani yake, na virutubisho hivyo vinailisha saratani, nayo inaagiza ubomoaji zaidi. Mgonjwa anasema mgongo unauma. Anapewa dawa ya maumivu. Saratani yenye HER2 iliyozidi, na ile ya hasi tatu, huwa na uelekeo mkubwa zaidi wa kwenda kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi hazipenyi vizuri.

Na wakati wa kurudi nao hutofautiana. Hasi tatu ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo. Ile ya estrojeni inaweza kulala miaka 10, 15, hata 20, kisha ikaamka. Ndiyo maana mgonjwa wa kundi hili hunywa kidonge cha tamoksifeni, kinachozuia estrojeni kuichochea saratani, au cha jamii yake kwa miaka mitano au zaidi, akiwa anajiona mzima kabisa. Mtu asiyejua kwa nini anakinywa atakiacha baada ya miezi tisa, na wengi huacha.

Waheshimiwa, nimewapitisha huko ili mwone kwamba daktari anayetibu saratani ya matiti bila kujua ni jeni gani imechachamaa anapapasa gizani. Kwa baadhi ya jeni nilizozitaja hapo juu kuna jibu lake tofauti. Kipokezi cha estrojeni kikiwepo, tamoksifeni kwa miaka mitano hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Kisipokuwepo, tamoksifeni ni kumnywesha mtu madhara bila faida. HER2 ikizidi, ipo trastuzumabu, kingamwili inayokwenda kukaa juu ya yale masikio na kuyaziba, na pia kuyatia alama ili askari wa mwili waione seli. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 matokeo ya majaribio makubwa yalionyesha kwamba wanawake waliopewa dawa hiyo pamoja na tibakemikali, mapema, kabla ugonjwa haujasambaa, walipunguza uwezekano wa kurudiwa kwa karibu nusu. Wenye HER2 walikuwa kundi la kuogopwa. Leo, wakipimwa na kutibiwa mapema, wengi wao wanapona. Ni jeni ileile na uvimbe uleule. Kilichobadilika ni kwamba tuliuliza swali na tukawa na jibu lake.

Swali hilo huulizwa wapi? Kwenye meza yangu. Ndiyo maana nilianza na chupa.

Nawaeleza namna kipimo kinavyosomwa, kwa sababu sidhani kama kuna aliyewahi kuwaeleza. Kipande cha mikroni nne kinawekwa kwenye slaidi, kinamwagiwa kingamwili inayoitambua protini ya HER2, kisha dawa inayogeuka kahawia pale kingamwili iliposhika. Kisha daktari wa patholojia anatazama. Seli zisizo na HER2 ya kutosha zinaonekana samawati, kimya. Hiyo ni 0. Kahawia hafifu iliyokatikakatika pembeni mwa seli ni 1. Kahawia ya wastani ni 2, na hiyo haitoi hukumu: lazima kifanyike kipimo cha pili kinachohesabu nakala za jeni zenyewe, zikiwaka kama nukta za rangi ndani ya kiini cha seli. Na 3 haina ubishi. Kila seli imezungushiwa mstari mzito wa kahawia, mzima, bila pengo, na ukiitazama slaidi yote unaona wavu uliotandazwa, macho yake yote sawa. Mara ya kwanza nilipouona nilisahau kwa sekunde kadhaa kwamba ni ugonjwa.

Wavu huo unaonekana tu ikiwa protini imehifadhiwa. Uvimbe ukitoka mwilini hukosa damu, na tangu dakika hiyo protini na jeni zinaanza kuharibika. Miongozo ya kimataifa inataka uingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, fomalini yenyewe iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, ujazo wake uwe walau mara kumi ya kinyama, ukae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, na uvimbe mkubwa upasuliwe kwanza ili fomalini ipenye. Hayo hayahitaji mtambo wowote. Yanahitaji chupa yenye mdomo mpana, fomalini isiyokwisha mwisho wa mwezi, na mtu wa kuandika saa.

Yasipofanyika, kipimo hakigomi wala hakipigi kelele. Kinatoa jibu, na mara nyingi jibu lenyewe ni hasi.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa maabara nyingine ambayo sitaitaja, tulipokea kinyama kutoka kwenye ini la mwanamke ambaye alikuwa ametibiwa titi miaka miwili kabla. Ripoti yake ya mwanzo ilisema hasi kwa vyote: estrojeni, projesteroni, HER2. Kinyama cha ini kikatoka HER2 chanya 3, wavu mzima. Uvimbe unaweza kubadilika ukisafiri, hilo hutokea, na ndiyo sababu mgonjwa ambaye ugonjwa umesambaa anastahili kupimwa upya. Lakini nilikwenda kabatini nikaitoa slaidi ya zamani ya estrojeni. Pembeni mwa saratani palikuwa na mifereji ya kawaida ya titi, mizima, isiyo na ugonjwa. Mifereji hiyo siku zote huwa na seli kadhaa zinazoshika rangi ya kipokezi cha estrojeni. Ndiyo shahidi wetu wa ndani kwamba kipimo kimefanya kazi. Kwenye slaidi ile mifereji ilikuwa samawati tupu. Shahidi alikuwa amekufa kabla ya kesi kuanza, na sisi tukaandika hukumu. Ripoti ilitakiwa iseme "haisomeki, leteni kingine". Ilisema hasi, kwa sababu daktari alikuwa anasubiri, kingamwili ya kurudia ilikuwa imekwisha, na mkubwa mmoja alikuwa amepiga simu mara mbili. Mimi ndiye niliyetengeneza slaidi ile. Nilikuwepo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hilo: wekeni kwenye kanuni zenu kwamba hakuna mgonjwa wa saratani ya matiti atakayepangiwa matibabu bila majibu ya estrojeni, projesteroni na HER2, na kwamba maabara ina haki, tena wajibu, wa kusema "haisomeki" bila mtu kupigiwa simu. Jibu la "haisomeki" linamchelewesha mgonjwa wiki moja. Hasi ya uongo inamnyima dawa yake moja kwa moja.

Pili, saa. Fomu ya kupeleka kinyama maabara iwe na mistari miwili ya lazima: saa kilipotoka mwilini, na saa kilipoingia kwenye fomalini. Fomu isiyojazwa irudishwe. Mtaona wauguzi wa chumba cha upasuaji wakinung'unika mwezi wa kwanza, na wana haki, kwa sababu kazi zao ni nyingi na wao ndio huwa wa kwanza kutupiwa lawama. Wapeni chupa za saizi inayofaa zikiwa tayari zina fomalini, zimepangwa palepale chumbani, na manung'uniko yatapungua.

Kingamwili na dawa za rangi zisikatike. Katika hili nawasema bila kupaka mafuta: nimefanya kazi mahali ambapo mashine ya kutia rangi slaidi ilikaa miezi bila dawa zake, lakini vikao vya kununua mashine ya pili viliendelea. Kuna sasa hamu kubwa ya mitambo ya kusoma mfuatano mzima wa jeni. Ni vitu vizuri, na siku moja kila mahali pataihitaji. Kuna hata vipimo vinavyopima uchangamfu wa jeni 21 kwa pamoja na kuwaambia baadhi ya wanawake kwamba hawahitaji tibakemikali. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2018, lenye washiriki zaidi ya 10,000, lilithibitisha hilo. Lakini mtambo wa gharama ukilishwa kinyama kilichooza utasoma uozo. Anzeni na chupa. Kisha maabara zenu ziingizwe kwenye utaratibu wa kupimana, ambapo slaidi zilezile zinasomwa na maabara nyingi na majibu yanalinganishwa, maana kila maabara hujiona inafanya vizuri mpaka ilinganishwe na jirani.

Na usahihi huu unazidi kuwa na uzito. Hadi juzijuzi, 0 na 1 kwenye kipimo cha HER2 zilikuwa kitu kimoja, hasi, na hakuna aliyejisumbua. Mwaka 2022 dawa iitwayo trastuzumabu derukstekani, kingamwili ileile iliyobebeshwa sumu ya kuua seli, ilionekana kuwasaidia hata wagonjwa ambao ugonjwa umesambaa wenye HER2 kidogo tu, wa alama 1, au 2 ambayo kipimo cha pili hakikuonyesha nakala za ziada. Ghafla ile kahawia hafifu, ambayo fomalini iliyochelewa huifuta kwanza, imekuwa na maana ya miezi ya uhai.

Kuhusu dawa zenyewe sitasema mengi, si fani yangu. Ila kupima bila kuwa na dawa ni kumsomea mtu hukumu. Trastuzumabu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, na tangu mwaka 2019 shirika hilo limeanza kuthibitisha ubora wa trastuzumabu zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa kufuata ile ya asili. Wale mnaosema kozi ya mwaka mzima haiwezekani kwa kila mgonjwa, lipo jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, wanawake zaidi ya 4,000: waliotibiwa miezi 6 walikaribiana sana na waliotibiwa miezi 12, na mioyo yao ilipata usumbufu mdogo zaidi. Wataalamu wengi bado wanashika mwaka mmoja. Waiteni wenu mjadiliane nao. Miezi 6 kwa wote ni bora kuliko 12 kwa wachache na sifuri kwa waliobaki. Hayo ni maoni yangu, nayasimamia. Na moyo upimwe, kabla na wakati wa matibabu, kwa sababu misuli ya moyo nayo hutumia HER2 na dawa haichagui.

Mwisho kabisa, muda. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti wenye vipimo vitatu: walau wagonjwa 60 kwa 100 wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na walau 80 kwa 100 wamalize matibabu. Hicho cha siku 60 ndicho kinachotuhusu sisi wa nta na slaidi. Kazi yenyewe, kuanzia chupa hadi wavu wa kahawia, haimalizi wiki mbili kama vitu vyote vipo. Zinazobaki ni siku za kinyama kukaa kwenye droo kikisubiri gari, ripoti kukaa kwenye trei ikisubiri sahihi, na mgonjwa kurudi mara tatu kuulizia. Agizeni ripoti ya kila mwezi ya siku hizo peke yake. Mtashangaa zinapotelea wapi.

Mtauliza kuhusu ule uvimbe wa kwenye chupa ya vidonge. Kiini tulikitupa, kilikuwa hakifai. Ule ukingo wa kijivu, unene wa milimita chache, niliuchonga kwa uangalifu kuliko kitu chochote mwaka huu. Mifereji ya kawaida ilikuwemo, na safari hii shahidi alisema: ilishika rangi. Estrojeni hasi. HER2 chanya 3. Kama mtu angekijaza kile kichupa fomalini pungufu kidogo tu, nisingekuwa na ukingo wa kuchonga.

Ripoti imekwenda kwa daktari wake, pamoja na maelezo kwamba majibu yametoka kwenye sehemu ndogo tu ya uvimbe. Chupa iliyokatwa nimeiosha, ipo dirishani. Atakayetaka kuiona aje asubuhi kabla sanduku la kwanza halijafika, maana likishafika sitakuwa na nafasi ya kuzungumza.

Wenu katika kazi,
Fundi wa maabara ya patholojia